Ufunguo wa Kabati la Nyoka

Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamweka mikononi mwa Citoyen Musasa, na mikono yake ilipojaa nikaingiza wangu katika mfuko wa koti lake la abacost nikatoa ufunguo. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoishia. Naanza hapo kwa sababu wengi wenu mmeisikia habari hii kwenye korido, na mmeisikia vibaya. Wapo wanaosema nilimpiga kofi. Sikumpiga. Wapo wanaosema nilimtupia mtoto. Mtoto hatupwi. Nilimkabidhi kama watoto wanavyokabidhiwa, na yeye akampokea kama mtu yeyote angempokea, maana mikono ikiona mtoto anakuja inanyooka yenyewe, hata mikono ya mkubwa wa Chama.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoanza kazi katika chumba cha endoskopi. Niliingia humo wakati tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, nikatoka nikiwa bibi. Hospitali sitaitaja. Waliofanya kazi pale wanaijua, na wengine haiwahusu. Nilikuwa na diploma ya sekondari, mtoto wa kwanza anayenyonya, jina lake Kasongo, na mdomo ambao mama yangu alisema utaninyima bwana. Bwana nilimpata. Mdomo haukupungua.

Kando ya mlango wa chumba kile, upande wa swichi ya taa, pana msumari, na kwenye msumari unaning'inia ufunguo. Siku niliyostaafu nilimkuta kijana mmoja anataka kuung'oa apake rangi ukuta. Nilimwambia apake kuuzunguka. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini.

Kwanza Nyoka yenyewe. Ni bomba refu jeusi, laini, lenye taa, na jicho lake liko ubavuni karibu na ncha, haliko mbele. Mgonjwa analimeza, linapita tumboni, linafika mwanzo wa utumbo mdogo. Pale pana tundu dogo lililotuna kama chuchu, na tundu hilo ndilo mlango wa mifereji miwili: mmoja unaleta nyongo kutoka kwenye ini, mwingine unaleta maji ya kongosho. Kijiwe cha nyongo kikikwama mlangoni, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na nyongo iliyozuiwa inaoza. Ikishaoza, mtu anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Dokta akipitisha waya ndani ya Nyoka anakata tundu lile kidogo kwa umeme, kijiwe kinaangukia utumboni, na mwenyewe anakwenda kukiacha chooni bila kukiona. Zamani mtu wa namna hiyo tulimpasua tumbo huku homa inawaka, na wengi hatukuwarudisha kwao.

Jina la Nyoka ni letu sisi wenyewe, na lina sheria: halitajwi mbele ya mgonjwa. Kulikuwa na mchimbaji mmoja wa Ruashi, mtu mnene mwenye shingo kama gogo, tumeshamlaza kwa ubavu wa kushoto, tumeshampulizia dawa ya ganzi kooni, fundi wa picha akatoa kichwa mlangoni na kusema Nyoka iko tayari. Yule baba alishuka mezani, akapita korido nzima na joho la hospitali limefunguka nyuma, mpaka langoni kwa wamama wauza karanga. Papa Tshibanda alipomfikia alimkuta anawaeleza wamama wale, kwa sauti nzito ya koo lililokufa ganzi, kwamba yeye alikuja juu ya ugonjwa, hakukuja juu ya bulozi, yaani uchawi, na nyoka ya mtu mwingine hawezi kuimeza. Ilibidi tumletee Nyoka palepale langoni aishike kwa mikono. Aliipindapinda, akauliza inakula nini. Papa Tshibanda akamjibu inakula courant, yaani umeme. Akarudi.

Papa Tshibanda alikuwa infirmier, yaani muuguzi, Mluba wa Kasai, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Hakupenda maneno marefu ya vitabuni. Siku yangu ya kwanza kushika waya aliniambia, "Mama Kasongo, pancréas njo muko yako." Nyinyi wa leo sijui kama mnajua heshima ya buko, ya mtu na mkwe wake. Kwao, mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja, anaacha njia, anaingia majanini mpaka mama apite. Kongosho ni hivyohivyo. Tundu ni moja, njia ni mbili, na ukitaka nyongo mara nyingine unajikuta umebisha hodi kwa kongosho. Usimmwagie dawa ya picha ya eksirei. Usijitambulishe. Rudi nyuma kwa heshima, ujaribu tena njia ya juu. Ukimkasirisha, mgonjwa aliyekuja na ugonjwa mmoja anatoka na miwili, na ule wa pili ni maumivu yanayotoboa kutoka juu ya kitovu mpaka mgongoni, anatapika hata maji. Nimeona madokta wawili wenye mikono mizuri na haraka mbaya. Mimi namchagua wa mikono mibaya asiye na haraka.

Wakati ule hapakuwa na kioo cha kuonyesha picha kama mlicho nacho. Jicho moja tu la dokta, kwenye kitundu cha juu, ndilo lililoona. Sisi wengine tulisoma mabega yake. Mabega ya Docteur Mwape, dokta wetu wa Nyoka, yakipanda, ujue hajapata tundu. Yakishuka, kaza kiganja, maana atasema "funga" na wewe ndiye unayevuta kile kisu cha waya. Funga polepole. Waya unaokata haraka unatoa damu, na damu ikishajaa pale hata dokta naye haoni kitu.

Na kuosha. Mtu akikuambia kuosha ni kazi ya chini, mwambie aje anione. Pembeni ya jicho la Nyoka pana kijiko kidogo kinachoinua waya. Nyuma ya kijiko kile ndipo uchafu wa mgonjwa wa jana unajificha kumsubiri wa leo. Piga mswaki kikiwa kimeinuka, halafu kikiwa kimelala, halafu tena kimeinuka. Dawa yetu ilichoma macho. Tulitoka mle tunalia kama watu wa matanga, na wagonjwa kwenye benchi wakaanza kusali. Msiikunje Nyoka kama kamba ya kufungia mbuzi. Ndani ni nyuzi za kioo, na kila uzi unaokatika ni doa jeusi katika jicho la dokta. Ile ya kwanza tuliyokuwa nayo ilizeeka mpaka Docteur Mwape akawa anasema anatafuta tundu katikati ya nzi.

Ndiyo maana ilipofika mpya kutoka Ulaya tulifurahi sana. Na ndiyo maana Citoyen Musasa aliinunulia kufuli.

Huyu Musasa alikuwa mkuu wa vifaa vya hospitali, na wakati huohuo mkuu wa tawi la Chama pale kazini, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na nguvu mara mbili. Hakuwa mtu mbaya wa kuiba sabuni. Alipenda vitu vikae vizuri. Nyoka ya zamani, iliyokwisha kupofuka kabisa, aliiondoa akaipeleka bohari, mpya akaiweka katika kabati la vioo, ufunguo mmoja, mfuko mmoja, wa kwake. Siku za kawaida haikutusumbua, kwani alikuwa ofisini na tulimkuta. Tatizo lilikuja na wajumbe.

Tuliambiwa wajumbe wa Chama wanatoka Kinshasa kuja kuona maendeleo ya afya ya wafanyakazi wa migodi. Hospitali ilipigwa chokaa mpaka mashina ya miti. Kabati la vioo likabebwa likawekwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Nyoka ikalazwa juu ya kitambaa cheupe, imefungwa utepe wa kijani na manjano, upinde mkubwa kama zawadi ya arusi. Amri ikatoka: haiguswi mpaka wajumbe wapite. Na wauguzi wote wasio kwenye dharura waende uwanja wa nyuma kujifunza ngoma ya kuwapokea. Wakati ule kucheza kulikuwa kazi kama kazi nyingine. Hukucheza, jina lako linaandikwa.

Ndege ya wajumbe haikufika. Ikasemwa itafika kesho. Kesho yake ikasemwa ile nyingine.

Katikati ya kungoja huko, ambulensi ikaleta mwanamke kutoka Kambove. Jina lake Mujinga, bwana yake mfanyakazi wa mgodini kule. Alikuwa amejifungua si zamani, na nyinyi mkumbuke hilo, maana mwanamke aliyetoka kuzaa ndiye anayependa kupatwa na vijiwe hivi na ndiye watu wanayemwambia ni uchovu wa uzazi. Macho yalikuwa manjano ya yai. Alitetemeka, akaacha, akatetemeka tena. Aliongozana na mama mkwe wake, aliyebeba kitoto kile. Docteur Mwape alimkandamiza chini ya mbavu za kulia, akamwangalia Papa Tshibanda. Mfereji umeziba, usaha umejaa, lazima ufunguliwe.

Docteur alimwendea Musasa mwenyewe. Nilikuwepo. Musasa alimjibu kwa adabu kabisa kwamba anaelewa, lakini chombo kikishaingia mdomoni mwa mtu kitalowa, kitanuka dawa, na wajumbe wanaweza kushuka uwanja wa ndege saa yoyote. Avumilie mpaka wapite. Docteur Mwape alikuwa na mikono ya dhahabu, lakini mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyemwona mkubwa wake akihamishiwa porini kwa neno moja tu. Alirudi akaongeza maji ya mshipani na sindano za kuua vijidudu. Homa ikashuka kidogo. Tukasema labda. Usiku ukapita. Asubuhi mkojo wa Mujinga ulikuwa haba, na alianza kumwita mama yake aliyekwisha kufa.

Mtoto wake alikuwa analia kwa njaa. Maziwa ya mama yalikauka na homa. Nikakaa kwenye benchi la ukumbi, Kasongo titi moja, mtoto wa Mujinga titi jingine. Mama mkwe alikaa kando yangu. Mbele yetu lilikuwa kabati. Aliliangalia muda mrefu, halafu akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mama, hiki kintu mulipamba hapa, njo chenye docteur anasema kitaponesha mwana wangu?"

Nikamwambia ndiyo, ndicho.

"Basi banangojea nini?"

Nilimrudishia mtoto, nikamfunga Kasongo mgongoni, nikaenda uwanja wa nyuma.

Ngoma ilikuwa inalia. Wauguzi wamevaa vitambaa vya Chama, wamepanga mistari miwili, na Musasa mbele yao na filimbi. Aliponiona akanionyesha mstari.

"Mama Kasongo, umechelewa. Ingia kule nyuma ya citoyenne wa maternité."

"Ninatafuta ufunguo, Citoyen."

"Ufunguo iko na kazi yake. Bageni beko njiani."

"Ule mwanamuke wa Kambove anakufwa."

Akapuliza filimbi kwanza, mstari wa kulia ulikuwa umekosea mguu. Halafu akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza:

"Bagonjwa banakufwaka kila siku, mama. Bageni banakuya mara moja."

Nilikuwa nimejaa maziwa, blauzi imelowa mbele ya watu wote, na kichwani nilikuwa bado namsikia yule bibi akiuliza wanangoja nini. Nilifungua kitambaa cha mgongoni. Nikamwambia, "Shika mutoto." Akashika. Filimbi ikamdondoka mdomoni ikabaki inaning'inia shingoni. Akauliza, kwa desturi tu, maana mtu akipewa mtoto lazima aulize, "Anaitwa nani?" Nikamwambia anaitwa Kasongo, na akilia amwambie mama yake ameenda kazini. Wakati nikimjibu ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwangu.

Nyuma yangu ngoma ilisimama, halafu nikasikia wale wa maternité, wodi ya wazazi, wakicheka. Sikugeuka.

Docteur Mwape aliponiona na Nyoka mikononi na utepe bado unaning'inia, aliuliza nani ametoa ruhusa. Nikamwambia Citoyen Musasa ana mtoto wangu, mimi nina Nyoka yake, tufanye haraka kabla hatujabadilishana tena. Papa Tshibanda alikuwa ameshavaa vazi lake la risasi la kuzuia mionzi ya picha. Docteur akavua saa yake, na hapo nikajua tumeanza, kwa sababu hakuivua kamwe ila kwa kazi.

Ile kazi naweza kuwasimulia hata leo. Mujinga alikuwa mwepesi kama kuku wa njaa. Nilimshika taya nikamwambia apumue kwa pua kama mtu anayepuliza jiko huku mdomo umejaa bukari, yaani ugali. Nyoka ikapita. Mabega ya Docteur yakapanda, yakakaa juu. Akaingia kwa kongosho. Papa Tshibanda akasema kwa chini, "Muko." Docteur akarudi nyuma bila kumwaga kitu. Akajaribu tena. Mabega yakashuka. "Funga," akasema, nikavuta, polepole, polepole, harufu ya kuungua ikaja. Mimi sikuona, nyinyi mngeona kwenye kioo. Nilisikia tu Docteur Mwape akisema, "Inatoka." Usaha kwanza, mzito. Kijiwe nyuma yake. Halafu nyongo safi. Papa Tshibanda alimwomba ampishe kwenye kitundu na yeye aone, akaangalia, akasema inashuka kama mafuta ya mawese.

Kule uwanjani, nilikuja kuambiwa, Kasongo hakulia hata kidogo. Alilala juu ya bega la Musasa. Musasa alishindwa kupuliza filimbi kwa kuogopa kumwamsha, akawa anaongoza ngoma kwa kidevu. Nilipokwenda kumchukua alinipa mtoto taratibu, akamweka kofia sawa, na akaniambia nitaandikiwa.

Niliandikiwa. Wajumbe walikuja ndege ilipopatikana. Kabla yao niliosha Nyoka vizuri, kijiko kimeinuka, kijiko kimelala, ikarudishwa kabatini. Walisimama mbele yake kwa muda wa kukohoa, na mmoja akauliza choo kiko wapi. Utepe hawakuuona kwa sababu haukuwepo tena. Mama mkwe wa Mujinga aliniomba, nikampa, na siku homa ilipoisha na mkojo ulipofunguka, aliufungia mzigo wa nguo wakarudi Kambove. Maziwa ya Mujinga hayakurudi. Mtoto nilimnyonyesha mpaka walipoondoka, na baada ya hapo alikula uji, kama watoto wengi.

Adhabu yangu ilikuwa kupelekwa kwa muda chumba cha kufulia, kwa kosa la kumdhalilisha kiongozi wa Chama mbele ya wachezaji. Papa Tshibanda na Docteur Mwape waliitwa wakaulizwa, wakasema waliyoyaona. Kwa Docteur hilo halikuwa jambo dogo.

Mimi nilikaa chini kuandika malalamiko. Nilikuwa na haki ya kuyapeleka kwa mkurugenzi, hata sheria za wakati ule zilisema hivyo. Niliandika kurasa nyingi. Niliandika kwamba mwanamke wa Kambove alioza ndani karibu na utepe. Nilieleza kila mtu ni mnyama gani. Nikampelekea Papa Tshibanda anisahihishie Kifaransa. Alisoma yote, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, akapiga kidole juu ya karatasi.

"Hapa umeandika mbwa. Na hapa, mbwa tena. Mama Kasongo, directeur hawezi kukupatia mbwa. Uliza kintu chenye iko mu mikono yake."

Nilimkasirikia siku mbili. Halafu nikamwona dobi mwenzangu akianika mashuka ya wodi, lile la Mujinga likiwa bado na doa la manjano ambalo sabuni ilishindwa kulitoa, nikajua ninachotaka. Kile nilichokiwasilisha, kikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo, ni hiki. Nimekitoa katika Kifaransa bila kuongeza neno:

"Citoyen Mkurugenzi,

Ninalalamika rasmi kwamba mgonjwa mwenye usaha katika mfereji wa nyongo alicheleweshwa kutibiwa, wakati dokta yupo, muuguzi yupo, umeme upo na chombo kipo, kwa sababu chombo kilifungiwa kabatini na ufunguo pekee ulikuwa uwanja wa ngoma. Mgonjwa amepona. Angeweza kufa, na kabati lingebaki limefungwa vizuri.

Kuhusu kuhamishiwa chumba cha kufulia sina malalamiko. Mashuka nayo lazima yafuliwe.

Kuhusu Citoyen Musasa, nathibitisha kwamba alimshika mtoto wangu vizuri.

Ninaomba jambo moja: uchongwe ufunguo wa pili, utundikwe kwenye msumari ndani ya chumba cha endoskopi, kando ya mlango, mahali ambapo aliye na mgonjwa anaweza kuufikia bila kumwomba mtu.

Ikiwa ufunguo wa pili hauwezekani, naomba nijulishwe mapema siku ambayo wajumbe watakuja tena, ili nami nije na mtoto."